Tweka Tanga Mezani: Mwongozo Kamili wa Kuingiza Safari za Bahari na Mapambano ya Vyombo Katika Mchezo wa Kuigiza

Malalamiko ninayoyapata ni yale yale. Kundi limecheza mwaka mzima mchezo wa kuigiza wa mezani, ule ambao kila mtu ana mhusika wake, msimulizi anaendesha hadithi na dadu inaamua matokeo. Limeua majoka na kuvuka misitu, lakini siku linapofika pwani mchezo unakufa. Ama msimulizi anasema "mkapanda jahazi, siku tatu baadaye mkafika", na bahari nzima imeisha kwa pumzi moja. Ama vyombo viwili vinakutana, pambano linakula saa nne, na watu watano wamekaa wanamwangalia mwenzao mmoja akitupa dadu.

Sisi tunaochezea barazani Ngamiani, hapa Tanga, tumeshindwa namna zote mbili, tena harufu ya chumvi tukiwa tunaisikia. Mwishowe nilikwenda Deep Sea, samaki wanakoshushwa, nikakaa na watu wa vyombo na kusikiliza wanavyoongea. Hakuna aliyetaja umbali. Walitaja upepo na maji. Nikajua kosa letu: tulikuwa tumeifanya bahari barabara. Barabarani unachagua pa kwenda. Baharini unachagua pia lini, na uchaguzi huo ndio mchezo wenyewe.

Hatua zifuatazo zinafanya kazi na kanuni zozote zinazotumia dadu ya pande 20. Mizani yangu ya ugumu, yaani namba ya kufikia unapotupa dadu, ni ile ya mchezo wa Dungeons & Dragons toleo la 5: 10 ni rahisi, 15 wastani, 20 ngumu.

## Andaa hivi kwanza

- Karatasi kubwa moja ya ramani, penseli na kifutio.
- Dadu moja ya pande 20 kwa kila mchezaji, na moja ya pande 6 kwa msimulizi.
- Komwe za bao, thelathini hivi. Kokoto zitafaa, ila komwe hazibingiriki ovyo mezani.
- Vipande vya boksi gumu vya kuandikia kadi za vyombo. La biskuti linatosha.
- Sarafu moja.
- Kalenda inayoonyesha mwezi mwandamo na mwezi mpevu.

Sanamu za meli hazihitajiki. Tulizitengeneza za mbao laini, zikapendeza, na zikatupotezea muda wa kupima sentimita.

## Hatua ya 1: Chora njia kwa saa

Anza na pwani unayoijua, kisha badilisha majina. Yetu ilitoka hapa hapa: bandari ndani ya ghuba, kisiwa cha Toten mbele yake, Ulenge na Yambe kuelekea nje, Pangani kusini kwenye mdomo wa mto, Pemba mashariki ng'ambo ya mkondo wenye kina kirefu.

Unganisha sehemu kwa mistari, kisha kata kila mstari kwa pingili, kama muwa. Pingili moja ni mwendo wa saa mbili chombo kikiwa na upepo mzuri. Jahazi linalokwenda kilomita 9 kwa saa litameza kilomita 18 hivi. Kwa hesabu hiyo Tanga hadi Pemba ni pingili 3, na Tanga hadi Pangani ni pingili 3 vilevile.

Kumbuka kwamba zinalingana. Hatua ya 2 itazitenganisha.

Baada ya hapo tia alama tatu tu: miamba, fungu la mchanga, na mlango wa mto. Kila alama iwe na swali moja: chombo hiki kinapita hapa maji yakiwa wapi? Visiwa vya ziada acha. Ramani yenye visiwa 20 humfanya mchezaji aulize "kuna nini kule?" mara 20, na wewe huna majibu 20.

Tahadhari ya kienyeji: usichukue mahali penye makaburi ya watu ukapageuza pango la mazimwi. Tulijaribu kwa magofu ya Tongoni, mwenzetu mmoja akanyamaza jioni nzima. Badilisha jina na umbo, au nenda kwingine.

## Hatua ya 2: Weka upepo na maji kabla ya kitu kingine

Hapa ndipo wengi wanaporuka, na ndipo safari zao zinapofia.

### Upepo

Chagua msimu mmoja kwa hadithi nzima. Kusi huvuma kutoka kusini, kuanzia Aprili hivi hadi Oktoba. Kaskazi hushika mwishoni mwa mwaka hadi Machi. Katikati yake kuna matlai, pepo zikiwa hazijaamua. Kila asubuhi ya mchezo tupa dadu ya pande 6: 1 ni shwari, 2 hadi 5 ni upepo wa msimu, 6 ni upepo wa msimu ukiwa mkali. Wakati wa matlai, 1 hadi 3 ni shwari, na 4 hadi 6 upepo utoke mashariki.

Gawa siku kwa zamu nne za saa sita: saa 12 asubuhi hadi saa 6 mchana, na kuendelea. Mwendo kwa zamu ni huu:

- Upepo wa tezi (kutoka nyuma) au wa ubavuni: pingili 3.
- Upepo wa omo (kutoka mbele): pingili 1.
- Shwari: 0. Kwa makasia pingili 1, ila mabaharia wanachoka na kesho yake hawapigi tena.
- Upepo mkali: pingili 4, lakini serahangi (msimamizi wa tanga na mabaharia) lazima apate 15, la sivyo tanga linachanika.

Kwa nini upepo wa omo unaadhibu hivyo? Chombo cha tanga hakiwezi kuuelekea upepo usoni. Kinabisha: kinakwenda mshazari huku, kinageuka, kinakwenda mshazari kule. Kikikata pembe ya nyuzi 60 kila upande, njia inakuwa ndefu mara mbili kamili, na juu ya hapo kinasukumwa kando na kupoteza mwendo kila kikigeuka.

Sasa rudi kwenye zile pingili 3. Wakati wa kusi, Pemba inafikika kwa zamu moja, upepo ukiwa ubavuni. Pangani, iliyo umbali ule ule, ni zamu tatu za kubisha. Wachezaji wanaofukuzana na muda wataanza kubishana wenyewe: tubishe, tusubiri, au tushuke twende kwa miguu? Hujatupa dadu hata moja na meza imechangamka.

Ongeza umande, upepo mwanana utokao nchi kavu usiku hadi alfajiri. Chombo kilicho karibu na pwani kinaweza kuutumia zamu ya alfajiri kutoka bandarini hata kama kutwa kutakuwa na upepo wa kukipinga. Ndiyo maana wavuvi wa ngalawa wanaondoka wengine wakiwa wamelala, na ndivyo wahusika wako watakavyotoroka bandari iliyofungwa.

### Maji

Maji hujaa kwa saa sita hivi na kupwa kwa saa sita. Zamu yako nayo ni ya saa sita, kwa hiyo huna haja ya jedwali: zamu moja yanajaa, inayofuata yanapwa. Kwa kweli yanachelewa dakika 50 hivi kila siku. Safari ya siku mbili usijisumbue nayo. Ikipita wiki, geuza, kwa sababu 50 mara 7 ni karibu saa sita: asubuhi iliyokuwa ya kujaa sasa ni ya kupwa.

Kalenda inaingia hapa. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua, maji yanapanda sana na kukauka sana. Pwani ya Tanga tofauti inapita mita 3. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, hayaendi mbali. Siku ya bamvua, mlango ambao haupitiki unafunguka kwa muda mfupi. Huo ni mtego mzuri kuliko ufunguo wa dhahabu.

Tahadhari: upepo wa siku na hali ya maji viandike mahali wote wanapoviona. Msimulizi anayevificha ataonekana anabuni kikwazo papo hapo, hata kama ni mkweli.

## Hatua ya 3: Kadi ya chombo, mistari minne

Chombo si shujaa. Ukikipa orodha ya uwezo yenye kurasa mbili, utakuwa umeongeza mchezaji asiye na mtu. Andika Mbao (kinavyostahimili), Watu (wanaohitajika kukiendesha), Akiba (zamu za maji ya kunywa na chakula) na Kina (kinapopita).

- Ngalawa: Mbao 2, Watu 2, Akiba 4. Inapita juu ya mwamba wakati wowote.
- Mashua: Mbao 5, Watu 4, Akiba 12. Inahitaji maji yaliyofika nusu.
- Jahazi: Mbao 9, Watu 8, Akiba 40. Linapita maji yakiwa yamejaa tu.

Mstari wa Kina ndio wenye thamani. Bila huo kila kundi litataka jahazi. Ukiwepo, ngalawa ya watu wawili inaweza kulicheka jahazi la maharamia saa 6 mchana maji yakiwa yamekauka.

### Ngama

Katika kanuni nyingi chombo kinapungua namba mpaka sifuri, halafu kinazama ghafla. Haipendezi, wala haifanani na kitu chochote. Kinachozamisha chombo ni maji yanayoingia.

Kwa hiyo kila Mbao moja inayopotea ni tundu. Kila tundu huingiza komwe moja ya ngama, yaani maji yaliyoingia chomboni, kwa raundi. Mtu mmoja akifua maji, yaani akiyachota na kuyamwaga nje, anatoa komwe moja. Fundi akipata 15, anaziba tundu moja kwa pamba na mafuta. Ngama ikizidi idadi ya Mbao chombo kilizoanza nazo, kinakwenda chini.

Weka komwe hizo katikati ya meza, si kwenye daftari lako. Tulipoanza hivi, kijana mmoja ambaye hushika simu kikao kizima aliiweka chini na kuuliza, "Nani anafua?"

## Hatua ya 4: Kila mtu na kazi yake

Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Lakini nahodha mmoja na abiria wanne ni mchezo wa mtu mmoja. Wagawie kazi kabla nanga haijang'olewa:

- Nahodha huchagua njia. Kila raundi anamwamuru mtu mmoja, naye anatupa dadu mbili na kuchukua kubwa.
- Mshika usukani hushindana na chombo kingine.
- Serahangi anasimamia tanga na mabaharia. Akipata 15, mshika usukani anaongeza 2.
- Mwangalizi yuko juu ya mlingoti. Anaona miamba, mafungu na matanga ya mbali.
- Fundi ana ngama na matundu.

Wakiwa watatu, mmoja ashike kazi mbili ila afanye moja tu kwa raundi. Mchawi asiachwe nje ya orodha hii. Mchawi anayesimama pembeni akirusha moto atamaliza kila pambano kwa raundi mbili; mchawi aliyeshika upo anafua maji atalazimika kuchagua.

Utajua umefaulu pale wachezaji watakapoitana kwa kazi zao badala ya majina ya wahusika.

## Hatua ya 5: Endesha safari, tukio moja kwa siku

Hapa pita haraka. Kwa kila zamu sema upepo, maji na pingili, halafu punguza Akiba. Tukio liwe moja tu kwa siku, nalo lidai uamuzi: pipa la maji limevuja, kuna moshi kisiwani, baharia mmoja ana homa, mashua iliyopinduka ina watu juu yake. Dhoruba inayohitaji dadu tu bila uamuzi, ifute.

Kuhusu viumbe, pweza mkubwa amechoka, mpumzishe. Kilindi cha hapa kina silikanti, samaki ambaye wataalamu walidhani ametoweka tangu zama za dinosari hadi alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938, na ambaye tangu 2003 wavuvi wa Tanga wamemtoa mara nyingi katika nyavu za papa. Huhitaji kumpa meno ya moto. Samaki aliyetakiwa awe amekufa, amekuja juu usiku, macho yanang'aa: waache wachezaji wajiulize ni nini kimemfukuza huko chini.

## Hatua ya 6: Pambano, kwa saa tatu tofauti

Kosa linaloua mapambano ya vyombo ni kutumia raundi ile ile ya sekunde 6 inayotumika kwa mapanga. Piga hesabu. Chombo cha kilomita 9 kwa saa, kwa sekunde 6, kinasogea mita 15. Adui aliye kilomita 3 nyuma, anayekuzidi mwendo kwa mita 1 kila sekunde, atakufikia baada ya sekunde 3,000. Hizo ni raundi 500. Ndiyo maana jioni yenu iliisha.

Tenganisha pambano kwa sehemu tatu, kila moja na saa yake.

### Kuonana

Mtu aliyesimama sitahani, macho yakiwa mita 2 juu ya maji, anaona uso wa bahari hadi kilomita 5. Aliye juu ya mlingoti wa mita 10 anaona kilomita 11. Tanga la chombo kingine nalo limeinuka, hivyo mwangalizi mzuri atalidaka likiwa zaidi ya kilomita 20.

Maana yake ni kwamba karibu hakuna anayevamiwa ghafla mchana kweupe. Mwambie mwangalizi atupe. Akipata 15, wachezaji wana zamu nzima ya kupanga. Akikosa, adui ameshawaona kwanza. Waulize swali moja: mnakimbia, mnamsogelea, au mnajificha penye kina kifupi?

### Kufukuzana

Raundi sasa ni dakika 10. Panga komwe tano kwenye mstari, kila moja ni umbali kati ya vyombo: upeo, mbali, mshale, sauti, ubavu. Wekeni alama mlipo.

Weka sarafu upande wa aliye joshini, yaani upepo unakotokea. Aliye joshini anaweza kurudia dadu ya usukani mara moja kila raundi, kwa sababu akitaka anashuka na upepo kumfuata mwenzake, na asipotaka anabaki juu. Aliye demani, upande upepo unakokwenda, hana uhuru huo. Nahodha anaweza kuinyakua sarafu kwa 20, lakini raundi hiyo haamuru mtu.

Washika usukani wa pande zote mbili wanatupa. Mshindi anasogeza alama hatua moja, karibu au mbali. Kuanzia mshale, kila upande unaweza kulenga kimoja: Mbao, tanga, au Watu. Tanga likipigwa mara mbili chombo hakikimbii tena. Watu wakipungua chini ya idadi iliyo kwenye kadi, kila dadu ya usukani inapungua 2.

Mwangalizi akipata 15 anaona fungu au mwamba. Hapo nahodha anaweza kuingia penye kina kifupi. Adui mwenye Kina kikubwa ana mawili: aache, au atupe akitafuta 20, na akikosa anakwama mchangani mpaka maji yajae. Kukwama ni tamu kuliko kuzama, maana adui yuko pale pale, mzima, ana hasira, na mnaweza kuzungumza naye.

Mwisho ni raundi 6. Zikiisha, giza, maji au mvua viwatenganishe. Usiongeze ya saba hata wakikuomba.

### Kupandiana

Alama ikifika ubavu, rudi kwenye sekunde 6 na kanuni mnazozijua. Kila raundi ya tatu bahari iingilie: chombo kinalala upande, foromali (mti unaoshikilia tanga) linafyatuka, kamba iliyowafunga pamoja inakatika. Ngama isimame mpaka mapanga yaishe, kisha uingize ya raundi tatu kwa pamoja.

Tahadhari: anayeanguka baharini asife kwa dadu moja. Mpe raundi tatu. Wenzake wana nafasi ya kutupa kamba kwa 10, kisha 15, kisha 20. Mwenye silaha za chuma aanzie 15, na aambiwe hivyo kabla hajapanda chombo.

## Hatua ya 7: Jaribu kwenye fungu la mchanga

Usianze na vita vya majahazi kumi. Kikao cha kwanza kitoe nje ya mlango wa mto, kwenye kisiwa kama Maziwe, kilichoko baharini mbele ya Pangani. Zamani kilikuwa na miti. Leo ni fungu la mchanga linaloonekana maji yakipwa na kufunikwa yakijaa.

Fukia kitu pale: sanduku, mtu aliyefungwa, au mlango wa kwenda chini. Wachezaji wanafika na mashua maji yakiwa yamekauka kabisa. Weka komwe 6 mezani, kila moja ni saa moja ya mchezo. Saa ya kwanza maji yanapanda polepole, watajiona wana muda. Saa ya tatu na ya nne ndizo zinazoleta nusu ya maji yote, na hapo ndipo tanga la pili litokee upeoni.

Kazi zote zitatumika: mwangalizi anaona, fundi ana tundu lililotokana na kuburuzwa mchangani, nahodha anaamua kama wachimbe au waondoke. Kwetu kikao hicho kilichukua saa mbili na nusu, na walilipata sanduku likiwa nusu limezama, wakaliacha.

Mkisimama, andika nyuma ya kadi ya chombo mambo manne: mko pingili ipi, upepo gani, maji yanajaa au yanapwa, na komwe ngapi za ngama. Kikao kijacho kifunguliwe kwa kusoma kadi hiyo kwa sauti, kisha umuulize nahodha aliko mtu wa kufua.